Sawa Na

Siwema alinigongea kioo cha ofisi saa mbili na robo asubuhi akaniambia kwamba amekufa.

Hakuwa analia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni, sweta limelowa ukungu kwa sababu mlango wa jengo letu ulikuwa umegoma kumfungukia. Nikafungua dirisha nikidhani ni mtu aliyepotea njia.

"Dada, samahani. Wewe ndiye Saumu wa Violezo?"

"Ndiye mimi. Zunguka mbele uingie, mlango uko wazi."

"Hauko wazi kwangu. Tangu jana asubuhi hakuna mlango unaonijua. Bomba halinipi maji. Nimekwenda kuuliza kituo cha mtaa, mashine ikanipa pole." Alifuta ukungu usoni. "Ikanipa pole ya msiba wangu mwenyewe, dada. Ikasema Siwema amefariki jana alfajiri, tena ikaniuliza mimi ni nani yake."

"Na ni nani aliyefariki jana alfajiri?"

"Bibi yangu. Tumemzika alasiri yake. Naye ni Siwema, mimi nimepewa jina lake. Mimi ni somo wake."

Alipotamka "somo" nilishtuka. Watu wengine wanaweza kulisikia neno hilo bila wasiwasi, maana somo ni yule tu mnayeshiriki naye jina moja. Mimi siwezi. Mimi ndiye niliyeliingiza neno somo kwenye mashine za Mji wa Juu.

Nilitoka nikamfungulia kwa bangili yangu, nikampa maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yangu, akanywa yote bila kupumzika.

Nieleze kazi yangu kidogo, kwa sababu hata mama yangu mzazi kwa miaka mingi aliwaambia majirani kwamba nachora vitambaa. Kiolezo ni mpango unaosema kitu kikiandikwa kwenye mashine kiandikwe namna gani. Bahari ilipomeza pwani, miji arobaini iliyobaki ilikubaliana itumie kiolezo kimoja, tukakiita Kiolezo Mama. Ndicho kinachosema Mtu ni nini: ana jina, ana siku ya kuzaliwa, ana makazi, ana wazazi. Mlango ukikufungukia, bomba likikutambua, daktari akijua dawa inayokudhuru, vyote vimesoma bangili ya mkononi mwako na vimekwenda kukutafuta humo.

Kina masharti mawili, na nilikuwa nikiyafundisha wageni kazini kwa majivuno makubwa. La kwanza, usibuni kilichokwisha kuwepo. Ukihitaji neno jipya, lining'inize chini ya neno la zamani, nalo litarithi kila kitu cha mzazi wake. La pili, unaruhusiwa kuongeza lakini huruhusiwi kupunguza. Mtoto hawezi kukana alichorithi, kwa sababu kuna hospitali katika mji mwingine inayomsoma mzazi na kutegemea kwamba watoto wote wako vilevile.

Miaka mitatu iliyopita nilitumwa kuongeza maneno ya watu wetu ambayo Kiolezo Mama hakikuyajua. Nikazunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kila nilipouliza somo ni nini, watu walinionyesha mtoto na kunijibu kwa maneno yaleyale: "Huyu ni sawa na bibi yake." Au babu yake, kama ni wa kiume. Nikarudi ofisini, nikatafuta, na humo ndani nikakuta neno limekaa linanisubiri: *sawa na*. Nilifurahi kama mjinga. Nikaning'iniza somo chini yake, nikaandika mfano wa kwanza kwa kutumia familia yangu mwenyewe, mama yangu na binti yangu, nikaenda kunywa chai.

Sikusoma maelezo yake mpaka mwisho. Vinywani mwetu, kusema huyu ni sawa na bibi yake ni kusema anafanana naye, anashika nafasi yake, anapendwa kwa ajili yake. Kwenye Kiolezo Mama, *sawa na* lilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeandikishwa mara mbili kwa makosa, katika miji miwili tofauti. Linasema: hawa wawili ni mtu mmoja, na lililo kweli kwa huyu ni kweli kwa yule.

Kosa hilo nililigundua mwaka mmoja baadaye, na nilinyamaza. Mji wa Juu ulikuwa umefunga mageti. Hakuingia mtu isipokuwa aliyeandikishwa mwaka wa mafuriko. Lakini wajukuu waliobaki bondeni walianza kuruhusiwa mmojammoja, kwa sababu masomo wao, yaani babu na bibi zao, waliandikishwa zamani na geti liliwasoma kuwa ni watu walewale. Watu elfu kumi na moja na mia nne walipita hivyo. Huko chini, nje ya geti, jua la saa sita linaua. Niliona nimetenda wema kwa kukosea, nikajipongeza kimyakimya, na kusema kweli nililala vizuri.

Jumatatu ya wiki hii Rejista ya Vifo nayo iliunganishwa na Kiolezo Mama. Siwema alikuwa wa kwanza.

"Kwa hiyo nifanyeje?" aliniuliza, chupa tupu mkononi.

Nilikuwa nahesabu siku. Nesi alikuwa ameniambia mama yangu hatamaliza wiki.

*

Binti yangu ana miaka tisa na anaitwa Mwajabu, jina la mama yangu. Mimi humwita "mama" ninapombembeleza, mama yangu humwita "somo", na ili tusichanganyikiwe nyumbani tunamfupisha, Jabu. Alizaliwa na moyo mchovu. Ana kifaa kifuani kinachousukuma, unaweza kukisikia ukiweka sikio, tiki-tiki, tiki-tiki. Vifaa hivyo havitengenezwi tena. Mwenye nacho akifa, Rejista hukizima baada ya saa moja ili kitolewe apewe mwingine. Jabu alipata chake hivyohivyo, kutoka kwa mtu aliyekufa, na siku ile nilishukuru sana kwamba kuna sheria kama hiyo.

Mzee Shemweta, mkuu wa ofisi yetu, alinisikiliza huku amevaa kofia yake ya sufu na anamenya peasi kwa kisu kidogo. Nilipofika kwenye habari ya Jabu kisu kilisimama.

"Lifute neno," alisema.

"Mzee, kila kinachofutwa huulizwa kwa nini. Wakaguzi wa miji arobaini watafungua faili. Watawaona wale watu wote waliopitia getini."

"Usifute neno. Futa mstari mmoja tu, wa binti yako."

"Ule mstari ndio mfano wa kwanza. Ukiguswa huo, wataulizia neno zima. Ni sisi wenyewe tuliotunga utaratibu huo."

"Ongeza basi. Sema somo ni *sawa na*, isipokuwa kifo."

"Huko ni kupunguza."

Alijua. Alikuwa anazungusha maneno kwa huruma tu. Aliweka peasi mezani, akafuta kisu kwenye suruali.

"Saumu, mwanangu, nitakuuliza vibaya. Ukiufuta mstari huo leo, Jabu anapona?"

"Anapona."

"Na wale watu?"

"Wanateremshwa. Siwema huyo aliyekaa hapo nje kwenye benchi anateremshwa. Watoto wao wanateremshwa."

"Na usipoufuta?"

Niliinuka kwenye kiti. Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa wapo waliokuja kunisifu baadaye kana kwamba nilikuwa na moyo wa chuma: nilikuwa tayari kuufuta. Nilipotoka ofisini mwa mzee yule nilishaamua. Siwema aliinuka kwenye benchi akaniuliza kama kuna matumaini, nikamwambia ndiyo, huku nikikwepa macho yake.

*

Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, dirisha liko wazi kwa sababu alipenda kuona matuta ya viazi mteremkoni. Jabu alikuwa uani anaruka kamba, polepole, kumi na kupumzika, kumi na kupumzika, kama daktari alivyomruhusu.

"Umerudi mapema," Mama alisema. "Nimekufa nini?"

"Mama, acha."

"Uso wako ndio umeniambia, si mimi. Kaa hapa."

Nilikaa, na nilipoanza kulia nikamweleza yote. Sikukusudia. Mtu huwezi kumwambia mgonjwa kwamba kufa kwake kutamuua mjukuu wake, lakini nilimwambia, maana tangu nizaliwe sijawahi kuogopa kitu bila kumpelekea yeye kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Hebu nirudishie," alisema. "Mimi na somo wangu, kwenye hiyo rejista yenu, ni mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Mtu mmoja, mwenye mwili huu ulioisha, na mwili ule unaoruka kamba?"

"Rejista haijui miili, Mama. Inajua Mtu."

"Basi ndiyo shida yenu. Mtu akikatwa mguu hamsemi amekufa. Kama ni mtu mmoja, na mwili mmoja bado unaruka kamba, amekufaje?"

Nilimtazama. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, na pale kitandani alikuwa ametoboa kitu ambacho sisi wenye vyeti tulikizunguka asubuhi nzima. Nisingepunguza chochote. Ningeongeza aina mpya, Mwili, chini ya Mtu. Mapigo yangekuwa ya Mwili. Mtu angehesabiwa amekufa pale tu mwili wake wa mwisho unaposimama. Mwenye mwili mmoja asingeona tofauti yoyote, milango na mabomba yangesoma kama yalivyozoea, na kwa kuwa hakuna kilichofutwa, hakuna ambaye angeuliza. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu kama kichaa. Halafu nikaelewa upande wa pili wa jambo lile, nikakaa tena.

"Mama. Nikifanya hivyo, wewe hutaandikwa umekufa. Si mpaka Jabu naye... Miaka sitini, sabini, Mungu akipenda."

"Na kuzikwa?"

"Makaburi hayamfungukii aliye hai."

Aligeuza uso dirishani. Alikuwa mtu wa sala, mwenye sanda yake sandukuni tangu nikiwa msichana, na sasa namwambia hana ruhusa ya kufa.

"Mungu anasoma bila mashine zenu," alisema mwishowe. "Nifukieni pale kwenye viazi. Lakini na wengine je? Hao wazee wengine wa pwani, wamekubali?"

"Hawajui."

"Mh," alisema, na sikuipenda ile mh.

Jabu alikuwa amesimama mlangoni na kamba yake, sijui tangu saa ngapi. "Kwa hiyo mimi na Bibi tuna miili miwili?" aliuliza. "Wa kwanza ni upi?"

"Wangu," Mama alimjibu. "Mimi nilitangulia. Njoo hapa, somo."

*

Mambo kama yale yanahitaji funguo mbili, wangu na wa Mzee Shemweta. Alisoma nilichoandika mara tatu. Alikubali kwamba kimeshonwa vizuri. Kisha akauliza swali lilelile la Mama.

"Umewauliza wazee?"

"Nikiwauliza wote, siri inatoka. Na sina siku hizo."

"Kwa hiyo unawanyang'anya vifo vyao bila kuwaambia."

"Nawapa wajukuu wao uhai, Mzee."

"Sikusema unafanya vibaya. Nimesema unachokifanya." Akaweka kidole chake, ambacho ndicho ufunguo wake, kwenye kioo cha mashine. Mkono wake ulikuwa baridi nilipougusa kumshukuru.

Tulijaribu kwa Siwema palepale. Alinyoosha bangili kwenye bomba la koridoni, macho ameyafumba, na maji yakatoka. Alicheka, akajimwagia usoni, akanikumbatia akanilowesha. Halafu akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, na Bibi? Ina maana naye yuko hai tena?"

"Kwenye karatasi tu. Bangili yake ilishafunguliwa, hakuna kitakachomsumbua."

Nilisema hivyo bila kufikiri, kumtuliza. Bangili hufunguka kifo kinapoandikwa, na cha bibi yake kiliandikwa kabla. Ningelifikiria lile neno langu mwenyewe kwa dakika moja, ningeona kinachokuja. Lakini nilikuwa na furaha, na nilikuwa na njaa, nikaenda nyumbani.

*

Mama alifariki Alhamisi saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka. Alikuwa ameniomba uji, nikageuka kuchukua kijiko, na nilipogeuka tena alikuwa ameondoka. Nilimfumba macho. Kisha nikakimbia chumba cha pili, nikamkuta Jabu ameketi kitandani anavaa soksi, nikaweka sikio kifuani pake kabla ya kumwambia chochote. Tiki-tiki. Tiki-tiki. Nilibaki nimepiga magoti pale nikilia kwa msiba na kwa shukrani, sijui kipi kilizidi.

Mashine ya uokozi iliingia dakika sita baadaye. Hilo halikunishangaza, huja kila bangili inapokosa mapigo. Ina urefu wa mtu aliyeinama, mikono miwili, na sauti ya upole ya mwanamke. Ilipiga magoti kando ya kitanda, ikaweka viganja kwenye kifua cha Mama, ikaanza kubonyeza.

"Usiogope, Mwajabu. Nakusaidia. Ukitaka niache, sema."

Hushughulika dakika ishirini, Rejista huandika kifo, nayo huondoka. Nilisubiri nje ya mlango kwa adabu. Zikapita ishirini. Zikapita thelathini. Nilisikia kitu kikivunjika ndani, kikavu, nikajua ni ubavu. Nikaingia.

"Inatosha," niliiambia. "Amekufa."

"Mwajabu yu hai," ilisema bila kusimama. "Usiogope. Nakusaidia. Ukitaka niache, sema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nani huiambia mashine iache? Rejista, inaposema mtu amekufa. Na mimi, kwa mikono yangu miwili na ufunguo wa mzee yule, nilikuwa nimehakikisha kwamba Rejista haitasema hivyo mpaka mjukuu wake naye afe. Nilijaribu kuivua bangili, ikagoma. Niliishika mashine mkono nikavuta kwa uzito wangu wote, ikanisogeza pembeni taratibu, kwa upole uleule, ikaendelea. Kichwa cha Mama kilikuwa kinatikisika kwenye mto kila inapobonyeza. Alikuwa anaonekana anakataa kitu.

Nilimpigia Mzee Shemweta nikipiga kelele.

"Kuna njia moja tu ya haraka," alisema. "Andika kifo cha Mtu mwenyewe. Mkono wako unaruhusiwa."

"Kifo cha Mtu kinazima kifaa cha Jabu!"

"Najua. Ndiyo maana sikuambii uandike. Nakuambia hakuna nyingine, Saumu. Isipokuwa mgonjwa mwenyewe akatae."

"Mgonjwa mwenyewe ni maiti, Mzee."

Simu ilinianguka. Niliziba masikio na bado nilisikia. Nilijiona nikienda kufungua kabati kutafuta shoka, na nikafikiria mashine ya pili itakayokuja baada ya hii, na ya tatu. Sijawahi kuogopa vile, na sitaki kuogopa vile tena.

"Mimi ni Mwajabu."

Jabu alikuwa amepita chini ya mkono wangu. Alisimama miguuni pa kitanda, soksi mguu mmoja, amenyoosha bangili yake. "Mimi ni Mwajabu," alirudia, "na nasema niache."

Mashine ilisimama.

"Nimekusikia, Mwajabu," ilisema. "Una miaka themanini na moja. Unaruhusiwa kukataa huduma. Unakataa kwa mwili upi?"

Niliruka nimjibie. "Wa—"

"Mtu mwingine asizungumze. Mwajabu, unakataa kwa mwili upi?"

Nililiandika mimi swali hilo. Mwili lazima uwe na namba. Kama namba haikutajwa, amri ni kwa miili yote. Nilifikiria kile kifaa cha Jabu, ambacho nacho ni huduma, nikaziba mdomo wangu kwa mkono ili nisipige ukelele.

"Wa Bibi," Jabu alisema.

"Sijaelewa. Miili ni miwili, wa kwanza na wa pili. Usipotaja, nitachukua kuwa ni yote. Unakataa kwa mwili upi?"

Alinitazama. Nilikuwa nyuma ya mashine. Niliinua kidole kimoja, nikavikandamiza vingine kwa dole gumba asije akaona viwili. Mtoto ukimuuliza nani wa kwanza atasema mimi, kila mtoto ndivyo alivyo. Midomo yake ilisogea bila sauti, anahesabu. Akamtazama bibi yake kitandani.

"Wa kwanza," alisema.

"Imepokelewa. Pole kwa usumbufu, Mwajabu. Uwe na siku njema."

Iliinuka, ikajifuta viganja, ikatoka kwa mlango ilioingilia.

*

Tulimzika Mama kwenye matuta ya viazi adhuhuri ya siku ileile, bangili ikiwa bado mkononi. Siwema alikata sanda upya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepungua upana. Sheikh wa mtaa alikuja kwa miguu, akasali, hakuuliza karatasi. Jabu alimwaga udongo wake kama wengine. Jioni, nikimsuka, aliniuliza bila kugeuka:

"Mama, ni mimi niliyemwambia Bibi afe?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia Bibi alishakwenda tangu alipoomba uji, na yeye alimpumzisha tu. Nilisema mara tatu kwa njia tatu tofauti. Aliitikia "ndiyo, Mama" kila mara, na aliamka akilia siku nne mfululizo, na hata sasa akiona mtu amelala chali kwenye majani anaacha kucheza.

Mashine za uokozi haziko mikononi mwetu, kwa hiyo tumepeleka ombi kwa miji arobaini, Mzee Shemweta na mimi, kwa maneno yasiyotaja geti. Tumeomba kifo cha mwili nacho kipewe nafasi yake kwenye Rejista ili mashine ya uokozi ijue kusimama. Wamejibu kwamba litajadiliwa msimu wa mvua. Mpaka hapo kuna wazee na wajukuu, na kifo hakisubiri kikao.

Kwa hiyo kila nikitoka kazini napita nyumba za watu wa pwani. Nawaambia wazee kwanza, kama Mama alivyotaka. Wengine wamenifukuza, mmoja alinitemea mate, na wengi hugeuza uso pembeni kama alivyogeuza Mama. Kisha naomba kuzungumza na mjukuu. Nampigisha magoti mbele yangu, namshika bangili, namfundisha maneno matatu: mimi ni fulani, nakataa, mwili wa kwanza. Tunarudia mpaka asikosee hata nikimtisha, na huwa nawatisha kwa makusudi, kwa kuwa siku yenyewe watakuwa wameogopa. Kuna mama mmoja aliniambia nina roho mbaya. Nikamwambia ni kweli, turudie tena.

Leo niko kwa Mzee Kombo Hatibu, anayekohoa damu tangu Ijumaa. Somo wake ana miaka miwili na nusu. Anasema "maji", anasema "mama", anasema "papa" akimaanisha babu. Nimekaa naye sakafuni tangu saa nane nikimwambia sema nakataa, baba, sema nakataa, naye ananicheka na kusema "tata".